Sinema Uipendayo, au Sauti ya VJ?

Muulize mtazamaji wa Kampala sinema anayoipenda kuliko zote, na mara nyingi jibu litakuja na jina la VJ, yaani msimulizi anayeitafsiri sinema kwa sauti yake. "Ile ya Jingo." "Ile aliyoitafsiri Junior." Mwongozaji hatajwi, na mwigizaji mkuu hubaki "yule kaka". Wapo wanaoliona jambo hili kuwa aibu: utampendaje msimulizi ukamwacha mwenye kazi? Kwa miaka nilikuwa upande wao. Nimesogea, ingawa sijafika ng'ambo ya pili.

Kwa asiyemjua, VJ alianzia kibandani, kwenye chumba cha mabati na mabenchi, akishika maikrofoni kando ya televisheni na kuzungumza Kiganda juu ya sinema ya Marekani, Uchina au India. Siku hizi sauti yake hurekodiwa kabisa, na sinema za namna hiyo Waganda huziita enjogerere. Hatafsiri neno kwa neno. Jambazi wa Los Angeles hupewa jina la Kiganda, huletwa mpaka Kisenyi, mtaa wa Kampala, na VJ hutueleza kwa nini anamchukia mwenzake, tena hutuonya kabla risasi haijalia.

Mama yangu alilelewa kwenye kambi ya polisi. Kiswahili ndiyo lugha yake ya nyumbani, Kiganda ni cha sokoni, na Kiingereza chake ni cha salamu. Maandishi yanayopita chini ya skrini humwacha njiani: akimaliza mstari mmoja, waliokuwa wakigombana wameshapatana. Akisikia sauti ya VJ huketi vizuri, akaibishia, akaiitikia. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hajui kutazama sinema ni kumvunjia heshima. Aliyemfungulia mlango ni VJ.

Tena kuna kazi ambayo hata ukitaka kumwondoa VJ huwezi. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? kule Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo sana. Iliyosambaa duniani ina sauti ya VJ Emmie, safari hii kwa Kiingereza, akiishangilia na kuitania mwanzo hadi mwisho. Nakala isiyo na sauti yake haipo; Nabwana aliifuta ili apate nafasi ya kazi nyingine kwenye kompyuta yake. Watazamaji wa mbali walioipenda sinema hiyo waliipenda pamoja na kibanda chake. Hapo msimulizi ni mhusika, na sioni kwa nini tumwite mharibifu.

Lakini chukua Queen of Katwe, ya Mira Nair, 2016. Lupita Nyong'o anaigiza Nakku Harriet, mama yake Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, anayeinukia kwenye mchezo wa sataranji. Mengi ya mama huyo yamo machoni: hofu ya kumwachia mtoto atamani makubwa, kisha aanguke. Hapo panahitaji kunyamaza, na kunyamaza ndiko VJ asikokuweza. Kibandani, sauti ikikatika, watu hudhani spika imeharibika. Kwa hiyo hujaza, na akijaza, hatutazami tena uso wa mama. Tunaambiwa tu kwamba ana huzuni.

Ugomvi wangu mkubwa, hata hivyo, ni wa haki. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtunzi uwezo wa kuamua nani atafsiri na kusambaza kazi yake. Enjogerere nyingi huuzwa bila mtunzi kuulizwa. Watu husema Hollywood ni matajiri, hawatahisi. Sawa, labda hawatahisi. Anayehisi ni mtengenezaji wa hapa, aliyelipa waigizaji, petroli na chakula cha wiki nzima, kisha sinema yake ikapangwa kwenye meza moja na ile ambayo muuzaji hakuigharamia ila kuinakili. Hapo siwezi kukaa katikati. VJ ni msanii na anastahili kula jasho lake, na kwa sababu hiyohiyo mwenye sinema naye anastahili.

Sinema ya mapigano nitaitazama na VJ, hata kesho. Hadithi ya kimya niachieni kimya chake, na mama nitamsimulia mwenyewe ikiisha.

Yeye ana dai lake, nami naliunga mkono. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini sinema anazopata zenye msimulizi wa Kiswahili hutoka nje. Humtazama DJ Afro wa Kenya, akafurahi, kisha maneno ya mitaa ya Nairobi yakampotea. Anachotaka ni VJ wa Kiswahili cha huku, kile cha kambini na cha masoko ya mpakani, kinachochanganyika na Kiganda bila kuomba radhi. Bado namtafutia.