Mvuvi na mchuuzi wa vyuma ndio walinzi wetu wa kwanza

Katika mkutano mmoja wa usalama hapa Lamu, kijana aliuliza nahodha afanye nini akipewa kubeba mzigo wenye alama ya mionzi. Alijibiwa kwamba nyuklia ni mambo ya mataifa makubwa, na wavuvi washughulike na samaki wao. Jibu hilo limeniudhi, na zaidi ya kuniudhi limenitia hofu.

Afrika haijawahi kuwa nje ya magendo ya vitu vya nyuklia. Miaka ya 1970 fimbo mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa katika kinu cha utafiti cha Kinshasa. Moja ilinaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa mafia, na ya pili haijapatikana hadi leo. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limesajili zaidi ya matukio 4,000 tangu mwaka 1993, na mengi hayahusu urani ya kuundia bomu bali vyanzo vya mionzi vya hospitalini na viwandani, vilivyoibwa, vilivyopotea au vilivyotupwa pamoja na vyuma chakavu.

Madhara ya uzembe wa namna hiyo yalionekana Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Wanaume wawili waliingia katika kliniki iliyohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya kutibia saratani na kuiuza kwa mwenye yadi ya vyuma, naye akavutiwa na unga wa sesiamu, kemikali yenye mionzi mikali, uliong'aa buluu gizani, akawagawia jamaa na marafiki. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na zaidi ya 100,000 ikabidi wapimwe. Hapakuwa na gaidi wala jasusi katika mkasa ule. Palikuwa na watu maskini waliotafuta riziki, ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza walichokishika ni nini.

Nakubali kwamba mitambo ya kupima mionzi kwenye malango ya bandari ina kazi yake, lakini urani iliyorutubishwa, ile ya kuundia bomu, hutoa mionzi hafifu ambayo tabaka nene la madini ya risasi huizuia, na jahazi linalotoka upande wa Kiunga likipita kwenye mikoko hadi Faza au Kizingitini halipiti lango lolote. Anayejua chombo kipi ni kigeni katika mikondo ile, na mzigo upi ni mzito kuliko ukubwa wake, ni mvuvi. Huyo ndiye tuliyemkataza kuvua usiku kwa miaka mingi kwa jina la usalama, tukamfanya mshukiwa katika bahari ya babu zake, na sasa tunashangaa kwamba haleti habari. Mtu anayeogopa kuhojiwa hadi alfajiri akiripoti chombo asichokijua atakaa kimya, nami siwezi kumlaumu.

Sheria tunayo tangu mwaka 2019, pamoja na mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwayo. Kinachokosekana ni sheria hiyo kufika gatini. Alama nyekundu ya hatari ya mionzi iliyotangazwa mwaka 2007, yenye fuvu na mtu anayekimbia, ilibuniwa kwa sababu watu wengi duniani hawakuielewa ile ya manjano na nyeusi. Ibandikwe kila diko na kila yadi ya vyuma, kuanzia Kiunga hadi Malindi, pamoja na nambari ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Kuhusu kinu cha umeme wa nyuklia kilichopendekezwa Uyombo, Kilifi, kila mtu ana msimamo wake, lakini hospitali zina vyanzo vya mionzi leo, bila kusubiri kinu.

Zaidi ya yote, mchuuzi wa vyuma anayekuta kitu cha kutilia shaka, akakiacha palepale na kupiga simu, asikamatwe wala kufungiwa yadi yake, na alipwe thamani ya kilo alizozipoteza, kwa kuwa bila hayo atakiuza kwa wa kwanza atakayekuja na pesa mkononi.