Usiurudie uyoga ili "kumalizia kazi"

Kuna ushauri unaozunguka sana miongoni mwa watumiaji wa saikedeliki, yaani dawa za kulevya zinazobadilisha fahamu na maono kama LSD na uyoga fulani, nami naupinga kwa nguvu zangu zote: eti safari, yaani muda dawa inapokuwa kichwani, ikiwa mbaya ni kwa sababu uliikatisha njiani, kwa hiyo umeze tena ukamalizie kazi. Anayeambiwa hivyo mara nyingi ni mtu ambaye wiki ya tatu sasa usingizi hauji, moyo unamwenda mbio akipanda tramu, na sauti ya mkewe anaisikia kana kwamba inatoka chumba cha pili. Kumpa dozi nyingine ni kumtonesha kidonda.

Chukua Uholanzi. Uyoga wenye psilosibini, kemikali inayolevya, ulipigwa marufuku huko mwishoni mwa 2008, lakini trufeli, yaani vinundu vya chini ya ardhi vya jamii hiyohiyo ya uyoga, havikuguswa na vinauzwa dukani. Psilosibini hufanya kazi kwa saa 4 hadi 6 hivi, LSD huweza kufika 12. Dawa huisha mwilini mapema. Kinachobaki ni fahamu iliyofundishwa hofu kali kwa muda mfupi mno. Mwaka 2023 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti wa watu 608 waliopata matatizo baada ya dawa hizi, na kwa theluthi moja yalizidi mwaka. Walioulizwa walikuwa tayari wameumia, kwa hiyo idadi hiyo haisemi kila mtumiaji ataumia. Inatosha kuonyesha kwamba aliyeumia hajitungii.

Linalowatesa wengi ni macho. Jioni, ukutani, chembechembe zinatambaa kama kwenye runinga ya zamani iliyokosa mawimbi. Gari linapita, taa zake zinaacha mkia. Unaondoa macho dirishani, umbo la dirisha linabaki hewani. Daktari wa macho akipima anakuta macho mazima, na ni kweli: shida iko kwenye namna ubongo unavyochuja kinachoonekana. Kosa linaloikuza hali hii ni ukaguzi. Mtu anaingia bafuni mara ishirini kwa siku kutazama vigae vyeupe, aone kama chembechembe zimepungua, na kila akikagua anaufundisha ubongo kwamba hilo ni jambo la hatari. Jipangie dakika 15, tuseme saa 11 jioni, za kulifikiria au kuliandika. Hamu ikija kabla ya hapo, shika kazi ya mikono: menya viazi, sugua sufuria. Usikae kwenye mwanga hafifu, maana huko ndiko chembechembe hunawiri, washa taa.

Hofu ikipanda ghafla, kanyaga sakafu miguu mitupu, nawa uso kwa maji baridi, vuta pumzi ukihesabu 4 na uitoe ukihesabu 6, kwa dakika tano. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Wengi hudhani mbinu hizi hazifanyi kazi kwa sababu kila nusu dakika wanajipima kama hofu imeondoka. Lengo ni kubaki chumbani ulipo hadi hofu ishuke yenyewe. Na kwa anayeona dunia kama iko nyuma ya kioo, kutafakari saa nzima macho yamefumbwa kunaweza kumzidishia. Tembea nje macho wazi.

Bangi iache kabisa. Ndiyo inayowarudisha wengi mwanzo, hata waliokuwa wakiivuta miaka bila shida. Pombe hukulaza saa nne usiku ikakuamsha saa tisa na wasiwasi mara mbili. Kahawa iishie asubuhi. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala kwa muda wa saa tatu tu.

Kwa daktari nenda na karatasi: ulitumia nini, kiasi gani, tarehe, ilidumu saa ngapi, kipi kilianza lini, dawa nyingine unazomeza, na kama kwenu kuna mwenye skizofrenia au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Karatasi hiyo ina uzito, kwa sababu kuna wagonjwa ambao risperidoni, dawa ya saikosisi (hali ya akili kupoteza uhalisia), iliwazidishia vurugu za macho. Hata hivyo usiache dawa ya saikosisi wala ya sonona kwa uamuzi wako.

Ukisikia sauti zinazokuamrisha, ukikesha usiku mbili mfululizo huku nguvu zinazidi, au ukiwaza kujiua, huo si wakati wa kuhesabu pumzi. Ulaya piga 112. Kwa mawazo ya kujiua, Uholanzi ni 113, Marekani na Kanada 988.

Nyumbani nako kunahitaji maneno yaliyo tayari. Mama aliyeko Tanga akisikia mwanawe wa Rotterdam "anaona vitu", atafikiria pepo au kurogwa kabla ya kufikiria trufeli. Mwambie hivi: "Mama, shikamoo. Kuna kitu nilikula kikanidhuru, nipo kwa daktari, naomba unipigie kila jioni tuongee mambo ya kawaida." Dua simkatazi mtu. Ninachokataa ni mkesha wa kumkemea mgonjwa hadi alfajiri, kwa sababu unamnyang'anya usingizi, na usingizi ndio aliokuwa anaupigania tangu wiki ya kwanza.