Mgeni Rasmi Naye Apewe Dakika Sita

Nina ugomvi wa siku nyingi na meza kuu. Kadi imeandikwa saa nane mchana, mgeni rasmi anaingia saa kumi, kisha utambulisho unaanza: fulani asimame apunge mkono, na fulani, na yule aliyekaa nyuma ya nguzo. MC anamwomba mheshimiwa diwani "asalimie tu", na diwani anasalimia mpaka chai inapoa. Kila anayeshika maikrofoni anatamka kwamba itifaki imezingatiwa, halafu anaizingatia upya kuanzia juu. Mkulima aliyealikwa aeleze alivyookoa migomba yake anakuja kuitwa jioni, na anaombwa azungumze kwa kifupi sana kwa kuwa muda umetutupa mkono.

Ndiyo maana napenda hizi jioni za mazungumzo mafupi, zile ambazo watu wa mji mmoja wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, kila mtu na jambo lake. Watu husema zinaelimisha. Sawa, lakini hata redio inaelimisha. Mimi nazipendea saa yake.

Chukua PechaKucha, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham. Msemaji anakuja na picha 20. Kila picha inakaa ukutani sekunde 20, kisha inaondoka yenyewe, awe amemaliza au hajamaliza. Jumla ni dakika 6 na sekunde 40. Hakuna cha kumwambia kijana wa kompyuta "hebu rudisha nyuma kidogo". Nadhani wasanifu walijuana: mpe mmoja wao maikrofoni na picha za majengo yake, mtalala hapo. Mwaka 2006 watu wa Seattle wakaanzisha Ignite na kubana zaidi, sekunde 15 kwa picha, dakika 5 umemaliza. TED, wale wa Marekani wenye mikutano ya hotuba fupi, wana dakika 18, nazo kwangu bado ni nyingi.

Ukitazama vizuri, kilichobanwa hapo si maneno. Ni cheo. Kwetu muda wa kusema hugawiwa kwa cheo: mkubwa anapewa wote anaotaka, mdogo anaokota masalia. Mashine ya picha haimjui profesa wala muuza genge. Inawakata wote sawa.

Jioni moja hapa Dar nilimsikia dalali wa samaki akieleza kwa nini bei ya dagaa hupanda mwezi ukiwa mpevu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro, taa inawakusanya. Mwezi ukiangaza bahari nzima, taa inakosa kazi, mitumbwi inapumzika pwani, na wachuuzi wanabaki kugombania walichokuwa nacho guniani. Hakuwa na utangulizi. Hakumshukuru mtu. Alianza na picha ya mwezi na kumalizia na picha ya mtumbwi mkavu juu ya mchanga, na ukumbi mzima, wenye digrii zao, ulikuwa umenunua dagaa miaka yote bila kujua hilo. Baada yake akaja kijana wa kuhamasisha, wale wa "amka, ndoto zako zinakusubiri". Hata sekunde 400 zilikuwa nyingi. Muundo mfupi haumpi mtu cha kusema. Unamwanika tu asiye nacho.

Na wenye cha kusema hawajitokezi wenyewe. Mwaka 2007 TED walileta mkutano wao Arusha, na mmoja wa waliopanda jukwaani alikuwa William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada na kujenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli. Waandaaji ndio waliomtafuta. Alisema dakika chache tu, na Kiingereza kilimpiga chenga mbele ya watu. Mimi huwawaza wale ambao hawakutafutwa, hasa wa upande huu wetu, ambao wangesema vizuri kabisa kama wangeruhusiwa kusema Kiswahili. Jioni nyingi za aina hii mjini bado zinaendeshwa kwa Kiingereza, kwenye hoteli, na kiingilio cha kumtisha dalali wa dagaa. Hapo mmebadilisha saa tu. Meza kuu mmeiacha palepale.

Wapo wanaoniambia kumkatiza mzee si adabu, na kwamba maneno ya watu wazima hayapimwi. Kweli? Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, na malenga akizidisha hata moja wenzake wanamcheka hadharani. Pwani nzima imekubali kipimo hicho kwa karne nyingi na hakuna mzee aliyelalamika kuvunjiwa heshima.

Kwa hiyo fanyeni mtaani kwenu. Darasa la shule ya msingi linatosha, na projekta ya kuazima, kahawa na kashata. Msibandike tangazo la kuita wasemaji, mtapata wahamasishaji watupu. Mfuateni fundi wa majokofu, mkunga, kondakta aliyestaafu, mumuulize swali moja analolijua kuliko nyote, mkae naye jioni mbili tatu mkipanga picha za simu yake. Umeme ukikatika aendelee, na kengele ya muda apewe mtoto wa darasa la sita, kwa maana watu wazima wataona haya kumpigia mwenyekiti wa mtaa.

Mgeni rasmi? Akaribie sana. Mabenchi yapo. Akitaka kusema, alete picha zake 20 kama wenzake, na awe amezituma kabla ya Alhamisi.