Siri ya mgonjwa anayetibiwa na chuo chake

Zahanati ya chuo ina utata ambao hospitali ya nje haina: daktari anayekutibu ameajiriwa na chuo kilekile kinachoweza kukusimamisha masomo. Mabango ya haki na wajibu wa mgonjwa yanayobandikwa mapokezi hayaligusi hilo. Yanapanga haki huku na wajibu kule, kana kwamba mgonjwa anakopeshwa haki ili azilipe kwa tabia njema.

Chukua wajibu wa kusema kweli, ambao kwangu ndio mzito kuliko wote. Mwanafunzi mwenye chunusi sugu anaweza kuandikiwa isotretinoini, dawa inayoweza kumlemaza mtoto akiwa tumboni. Ndiyo maana msichana huulizwa kwanza kama ana mimba au anatarajia kuipata. Akihofia kwamba jibu lake litamfikia mlezi wa wanafunzi, au mzazi anayelipa ada, atasema hapana. (Kipimo cha mimba kipo, ndiyo, ila hakijui ya mwezi ujao.) Kwa hiyo zahanati ndiyo ya kutangulia: ikitunza siri, ukweli wa mgonjwa utafuata. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981, lililorekebishwa 1995, linataka siri hiyo itunzwe hata mgonjwa akishakufa.

Wanaotaka usiri uwe na mpaka nao wana hoja, na kisa chao kikubwa kilitokea chuoni. Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimweleza mwanasaikolojia wa hospitali ya chuo kwamba angemuua msichana fulani. Polisi wa chuo waliarifiwa, wakamhoji, wakamwachia. Msichana hakuambiwa, wala wazazi wake. Oktoba mwaka huohuo msichana huyo, Tatiana Tarasoff, aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu akiona mgonjwa wake ni hatari kwa mtu mwingine, ana wajibu wa kumkinga mtu huyo.

Naukubali mpaka huo, kwa sababu unapita penye uhai wa mtu. Wasiwasi wa mzazi haufiki hapo. Jina zuri la chuo halifiki kabisa.

Malalamiko ya wahudumu nayo yasipuuzwe. Wapo wanaoweka miadi wasitokee, wapo wanaoacha dozi katikati, na wiki ya mitihani foleni hujaa watu wanaotafuta cheti tu. Aliyekosa miadi bila taarifa arudi nyuma ya foleni. Sioni uonevu hapo. Anayeshukiwa kujifanya mgonjwa apimwe vizuri, na asipokutwa na kitu anyimwe cheti. Lakini anayestahili cheti asilazimike kukilipia kwa siri zake. Inatosha kiandikwe kwamba tarehe fulani hakuwa na uwezo wa kufanya mtihani. Mhadhiri hahitaji kujua kama kilichomlaza ni kuhara au sonona.