Uraka sijagusa, nilianguka na akili zangu timamu

Kabla hamjaniuliza: sijafa, sijalewa, wala sikuwa nakimbia deni. Najua jamaa yangu wa Lindi ameshawarushia ile sauti ya kuanguka kwangu kwenye magrupu, dakika tatu nzima, kicheko kingi kuliko maneno. Eti nilikuwa nimepiga uraka, ile pombe ya mabibo. Uraka mwezi wa saba? Hayo mabibo ameyaokota wapi, na mikorosho yenyewe iko kwenye maua?

Mimi na mama watoto tulijipa siku tatu za kutembea pole pole: Mtwara, Mikindani, Lindi, tumalizie na ziwa Rutamba. Gari ya kuazima, ya shemeji. Mtwara hadi Lindi ni kilomita 100 na ushee, sisi tukaimaliza siku nzima. Mikindani peke yake tulikaa mpaka alasiri, nikijifanya mwongoza watalii: ile pale Boma ya Mjerumani ya mwaka 1895, na ghuba hii ndiyo aliyoshukia Livingstone mwaka 1866, akielekea bara kwenye safari yake ya mwisho.

"Alishuka salama?" mama watoto akauliza.

Salama kabisa, nikamjibu. Likumbukeni hilo swali.

Kesho yake, Lindi. Jamaa akatusindikiza ufukweni tuvuke kwenda Kitunda, hapo ng'ambo tu. Watu wote wanaopanda boti wamevua viatu, wamekunja suruali, wanaingia majini. Mimi nina mokasini nyeupe, mpya. Nikaona ngazi ya saruji pembeni.

"Vua viatu, mume wangu."

"Mie mtu wa pwani bwana, unanifundisha boti?"

Nimezaliwa Newala. Kule juu maji tunayaona kwenye ndoo.

Sasa hapa naomba niende taratibu, maana ndivyo ilivyokuwa. Mguu wa kulia nimeuweka kwenye ukingo wa boti. Wa kushoto uko kwenye ngazi, juu ya ule utelezi wa kijani. Boti ikaanza kusogea. Ingechomoka kwa kasi ningeanguka mapema nikapumzika, lakini wapi. Ilikwenda kama mgeni anayeaga, hatua moja, salamu, hatua nyingine. Kijana wa boti anapiga kelele "Ruka, mzee!" Jamaa huku nyuma "Rudi!" Ndani ya boti kuna bibi kakaa zake na beseni la ming'oko, akanitazama kwa huruma:

"Mwanangu, chagua upande."

Nilikuwa nachagua, bibi. Suruali ikachagua kabla yangu. Mraaa! Kutoka kwenye zipu mpaka kwenye mkanda wa nyuma. Na boksa ilikuwa nyekundu. Mnaonifahamu mnajua mimi ni Yanga wa kadi. (Alininunulia mke. Msianze.) Nikabaki hivyo, nimetandazwa kama ng'onda juani, nikitazama chini: visamaki viwili, kifuniko cha soda, kandambili moja ya mguu wa kushoto. Nikapata hata muda wa kujiuliza mwenzake yuko wapi. Halafu mokasini ikateleza, nikaingia majini kwa makalio.

Maji yalikuwa ya magoti. MAGOTI, jamani. Ningevua viatu ningepita natembea.

Boti nzima kimya. Kisha bibi akasema, "Haya, kachagua katikati," na hapo ndipo nilipojua Lindi ina watu wengi kiasi kile.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikatolewa. Nikafungwa kanga ya mama watoto, nikavuka soko zima nimeandikwa makalioni "Mtasema mchana usiku mtalala". Rimoti ya gari ilikuwa mfukoni, ikanywa maji ya chumvi, ikagoma. Fundi akaifungua, akaikausha, akala elfu arobaini yangu. Shemeji hajaambiwa, na kama unasoma hapa, shemeji, gari ni nzima.

Kuhusu video: jamaa ana sauti tu. Video anayo mama watoto, alikuwa ameshika simu muda wote ule badala ya kunishika mimi, na tangu siku hiyo vyombo naosha mimi.

Rutamba tulifika siku ya tatu. Ziwa limetulia, mvuvi mmoja akasogeza mtumbwi, akatuuliza kwa adabu kama tungependa kuzungushwa kidogo. Sijajibu, mama watoto keshafungua kamera.

Nikavua viatu nikiwa bado ndani ya gari.