Kazi Iliyoshika

Marehemu baba aliniachia vitu viwili: deni la dukani na pikapu ya Peugeot 504. Deni nililimaliza kwa miezi minne. Pikapu inanimaliza mimi mpaka leo.

Baba aliitumia kubebea samaki kutoka Shimoni hadi Mombasa mjini. Barafu ikiyeyuka njiani, maji ya chumvi yanapenya kila upenyo na kutulia ndani ya bodi, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiitafuna taratibu huku sisi tukisifu injini. Injini kweli haikuwa na neno. Baba hakuchoka kutukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikashinda tena 1978, kana kwamba aliyeshika usukani ni yeye.

Nilianza na sumaku ya spika kuukuu. Penye bati zima sumaku inang'ang'ania, penye puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mashimo ya bodi, inaanguka. Yangu ilianguka ubavu mzima wa kulia. Nikachukua bisibisi, nikadonoa kidogo tu chini ya mlango, ikazama hadi mpini. Nilipobandua puti nikakuta gazeti, chini ya gazeti kipande cha debe la mafuta ya kupikia, maandishi bado yanasomeka, na chini ya debe hamna kitu. Kizingiti chote, ule ubavu wa chini ambao mlango hujifungia juu yake, kilikuwa kimebaki fununu.

Fundi mmoja mzee wa jua kali alinitajia bei, nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionea huruma, akanipa mawaidha ya bure: "Mwanangu, kizingiti usikiguse mlango ukiwa wazi. Kebini itashuka, na mlango hautafunga tena mpaka kiama. Ufunge kwanza, ndipo uchomelee."

Jumapili nikaazima mashine ya kuchomelea. Na nataka ijulikane kwamba sikuingia kazini kijinga. Waya wa betri nilichomoa. Viti nilivitoa, maana sponji ikidaka cheche utasomewa hitima. Bati nilinunua jeusi la geji 18, nikalikwepa lile la zinki ambalo moshi wake hukupa homa ya usiku kucha. Magurudumu yalikuwa yameshatoka, gari iko juu ya mawe, mlango wa abiria umebanana na ukuta wa jirani ili watoto wapate pa kuchezea. Sakafu ilikuwa na tundu ambalo mwanangu alilitumia kujificha siku za madrasa. Hilo nililiziba asubuhi. Nikalipiga nyundo, likalia kama kengele, nikajiona fundi.

Baada ya chakula cha mchana nikaingia kebini, nikafunga mlango kama nilivyoagizwa, nikaketi juu ya kreti ya soda nikaanza kizingiti kwa ndani. Bati jembamba halitaki pupa. Unadonoa nukta moja hapa, unahamia kule, unarudi, la sivyo linatoboka au linajikunja. Za kwanza zilitoboa. Nikapunguza moto, mkono ukakolea, nukta zikajipanga kama shanga. Ukivaa ile barakoa huoni dunia, unaona kijua kimoja mbele yako, na mimi nilikifuata kwa mapenzi.

Nilipomaliza nikavuta kitasa, nikasukuma mlango. Haukwenda. Nikausukuma kwa bega. Nikainama na tochi ya simu. Bati lilipopata moto lilinyanyuka likauegemea ukingo wa mlango, na mimi, kwa mkono ule uliokolea, nikavishona vyote viwili.

Kila kitu nilichowahi kuchomelea maishani, kuanzia mlango wa banda la kuku, huachia kabla ya wiki kuisha. Huu ulikataa hata kutikisika.

Kioo cha dirisha kimekwama miaka mingi, robo wazi. Nikamwita mwanangu anipe grainda kwa upenyo huo. Grainda haipiti. Akasema basi yeye atakata kwa nje. Ana miaka tisa. Mamake alitoka jikoni, akaiangalia grainda, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi kiooni, akamrudisha mtoto ndani bila neno. Kisha stima zikapotea, na mjadala ukaishia hapo.

Wazee waliotoka kuswali alasiri ndio walionikuta. Kebini ya chuma na jua la Mombasa, sina haja ya kueleza. Mmoja akasema, "Si upite hapo sakafuni? Pana tundu."

"Nimeliziba, mzee."

"Lini?"

"Leo."

Akavuta jiwe, akaketi, akamwagiza mtoto kahawa. Chai yangu ililetwa lakini kikombe hakikupita. Mahamri yalipita, ila kwa kupondwa kwanza yakawa kama chapati. Nilikula manne.

Kabla ya magharibi fundi mzee akafika. Alizunguka gari, akachungulia, akaingiza mkono dirishani na kupitisha kidole kwenye mshono.

"Nani kachomelea?"

"Mimi."

"Imeshika," akasema, na naapa sauti yake ilikuwa na heshima ndani yake.

Akanielekeza kwenye kioo cha nyuma, ambacho kinashikwa na mpira tu. Akapanda nyuma, nyayo zake juu ya mhimili wa chasisi, jambo ambalo sikulitilia maanani. Yeye akauchokonoa mpira kwa bisibisi, mimi nikalala chali nikisukuma kioo kwa miguu, pole pole, mpaka kikamwangukia mikononi kama mtoto mchanga. Nikatanguliza miguu nje. Wazee wakasema alhamdulillahi. Nikarukia pale nyuma, mahali samaki wa baba walipolala na barafu yao miaka yote ile, na ambapo nilikuwa nimepanga kuanza kutengeneza mwezi ujao.

Mguu wa kulia ukazama mpaka pajani.

Fundi alikiweka kioo chini taratibu, akainama, akatazama lile tundu pande zote.

"Huku," akasema, "ulikuwa hujafika."