Si saratani, basi asubiri?

Mgonjwa akipimwa uvimbe wa njia ya hewa ukaonekana si saratani, kisha akakutwa na TB, utasikia wodini na hata barazani: asubiri kuondolewa uvimbe, amalize dawa za TB kwanza. Yaani miezi 6. Hapa Mombasa nimeshaisikia kauli hiyo mara kadhaa, na bado sijamsikia anayeisema akitaja njia imebaki milimita ngapi.

Wanaosema asubiri si waoga. Bronkoskopi, ule mrija wa kamera unaopitishwa hadi mapafuni ili kuuondoa uvimbe huo, humkohoza mgonjwa vijidudu vya TB hewani, na daktari anayeushika yuko shubiri chache tu na mdomo wa mgonjwa. Chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa huhitaji dakika 23 hivi kuondoa asilimia 99 ya vijidudu vilivyomo hewani. Kikibadilisha mara 6, dakika 46. AC ya ukutani, tuliyoizoea kwa joto letu hili, huzungusha hewa ile ile.

Lakini hamatoma au lipoma, vimbe zisizo saratani, haihitaji kuwa saratani ndipo izibe. Bomba kuu la pumzi likibanwa chini ya milimita 8, kwa kawaida mtu huanza kutweta akijikaza: anapanda mwinuko wa feri pale Likoni, anasimama mara mbili. Chini ya 5, pumzi yake inatoa mlio hata akiwa ameketi. Jaribu kuvuta pumzi kwa mrija wa dafu dakika moja tu, kisha uniambie habari za miezi 6. (Wengine huwa wameshapewa dawa ya pumu muda mrefu, wakidhaniwa wana pumu.) Uvimbe ukiwa ndani zaidi, makohozi hukwama nyuma yake, nimonia inarudi kila mara, na sehemu ile ya pafu inaweza kuharibika moja kwa moja.

Hewa ikiwa bado inapita vizuri, sawa, angoje. Ila TB isiyo sugu mara nyingi hupungua sana kuambukiza baada ya wiki 2 hivi za dawa. Hiyo miezi 6 imetoka wapi? Na aliyebanwa kweli afanyiwe bronkoskopi sasa: awe wa mwisho siku hiyo, chumbani wawe wachache, kila mmoja na N95, ile barakoa inayochuja vijidudu. Mlango ukae umefungwa mpaka hewa isafike, na mfagizi atakayeingia baadaye naye apewe barakoa yake ya aina hiyo, si kile kitambaa cha buluu.